Dakika Ishirini za Yaya

Yaya hakujua kusoma Kiarabu, na ndiye aliyenisahihishia mitihani yangu ya majaribio. Nikiwasimulia watu hivi hudhani natia chumvi. Basi waje niwaonyeshe kitabu chenyewe, bado kina madoa ya mafuta ya sambusa.

Mtihani huo tunauita kudurati. Ni wa kupima uwezo wa kufikiri, nusu hesabu na nusu lugha, wote kwa Kiarabu, na huku Saudia ni shida kuingia chuo kikuu cha maana bila alama zake. Kila swali lina majibu manne, na kila jibu lina herufi yake: alifu, be, jimu, dali. Yaya alizijua hizo nne tu, na hata hizo hakuzijua kwa majina yake. Alifu aliiita Fimbo. Be ilikuwa Sahani, jimu ilikuwa Tumbo, na dali ilikuwa Kona. Alifungua kurasa za mwisho za kitabu, zenye majibu sahihi, akaweka kidole kimoja kwenye kitabu na kingine kwenye karatasi yangu, kisha akateremka navyo pamoja bila haraka.

"Hapa kitabu kinasema Tumbo. Wewe umeweka Sahani. Kwa nini?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani. Ehe. Na hapa chini pia ulidhani?"

Mtu asiyejua hata swali lilihusu nini, lakini kakushika pabaya, utamjibu nini? Nilikuwa nikimenya vitunguu saumu tu, maana hiyo ndiyo ilikuwa adhabu, swali moja punje moja.

Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Familia aliyoitumikia iliishi chini, na shangazi yangu alipanga ghorofa ya juu ya nyumba hiyohiyo, Riyadh. Kwetu hasa ni Jeddah. Babu na bibi waliondoka Unguja mwaka wa mapinduzi wakaja kuishi huku, na mpaka leo hatufuturu bila mkate wa kumimina. Lakini kila likizo ya shule nilipelekwa kwa shangazi, ambaye hakujaliwa mtoto, na kila likizo nilishinda jikoni kwa Yaya kuliko juu kwa shangazi. Nilianza kumjua nikiwa na miaka saba. Wote walimwita Yaya: madam, baba mwenye nyumba, watoto wao wanne, dereva, hata mleta maji. Mimi aliniita mtoto wa juu. Alitoka Kenya, upande wa Kitui. Zaidi ya hapo sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kujieleza.

Watoto wa madam walifanyia majaribio yao jikoni. Nyumba haikukosa vyumba, sebule peke yake zilikuwa mbili. Ila siku moja, kabla mimi sijaanza kuja, madam alimkuta mwanawe mkubwa amelalia kitabu huku mate yanamtoka, akamkokota mpaka jikoni akamwambia Yaya akae naye mbele ya macho yake. Yaya alikuwa na sufuria la wali wa watu kumi motoni. Akasogeza vitunguu pembeni, akampangusia nafasi mezani, na tangu siku hiyo meza ile ikawa ukumbi wa mitihani. Alisema mtu akiweza kufikiri na kitunguu machoni, ndani ya ukumbi wenyewe ataona kama yuko likizo.

Mwalimu wa kulipwa alikuwepo. Alikuja mara mbili kwa wiki, akafundisha sebuleni kwa kahawa na tende, na alikuwa mwalimu mzuri kweli, sitamnyima haki yake. Yaya alimheshimu mno, tende laini zile za wageni alimwekea yeye. Nilimuuliza siku moja, kwa ukorofi wa utoto, kati yake na mwalimu nani anafanya kazi zaidi. Akacheka.

"Mwalimu anawapa akili," akasema. "Mimi nawapa makalio ya kukaa. Akili bila makalio haifiki mahali."

Kipaji chake kingine kilikuwa macho. Wakati unafanya majaribio alikuwa akikoroga, akikata, akiosha, huku anakutazama kwa pembeni, na mkononi ana kipande cha karatasi anachotia alama zake. Hukujua anaandika nini mpaka mwisho. Kumbe kila ulipojibu bila kujua, alitia nukta. Binti wa pili wa madam alijishika sikio akibahatisha. Kaka yake alivuta pumzi puani. Mimi nilikuwa nikitafuna ncha ya mtandio. Jibu likiwa sahihi lakini lina nukta, Yaya alilikata.

"Yaya, hilo nimepata!"

"Umeiba. Kesho mwenye mali atakuwa macho, utafanyaje?"

Kwa hiyo alama za Yaya zilikuwa chini ya alama za kweli siku zote. Mtu mwenye majivuno hakudumu meza ile hata wiki moja.

Msidhani alikuwa malaika. Huyu mkali wa saa alikuwa mzito wa kutoka kuliko bi harusi. Siku za sokoni dereva alipiga honi, akapiga tena, akashuka kabisa garini kupiga kelele "Yalla, Yaya, yalla!", na yeye bado anatafuta kiatu cha pili. Alisema tusile mbele ya simu, na yeye alikula huku anatazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiarabu, akizisimulia kwa Kiswahili jinsi alivyozielewa, na hadithi zake zilikuwa nzuri kuliko zenyewe. Alikuwa Mkristo. Mwezi wa Ramadhani alisema yeye hafungi, yeye ana dini yake, na hata hivyo mchana kutwa sikuwahi kumwona akitia kitu mdomoni, kwa sababu, alivyosema, kula peke yako jikoni ni kama kujisema vibaya. Asubuhi ya mtihani wa mtoto yeyote alisimama karibu na friji akisogeza midomo. Nilimuuliza anasema nini. Akaniambia anaomba kwa Kikamba, Mungu atatafsiri mwenyewe.

Na alikuwa na hasira. Aliwahi kumtupia dereva kitambaa cha vyombo usoni kwa sababu alimwita mvulana wa tatu wa madam mjinga. Yeye mwenyewe alimwita hivyo kila siku, lakini alisema ujinga wa mtoto ni siri ya wanaomlea.

Sasa nije kwangu, maana bila shida yangu nisingemjua zaidi ya hapo.

Mimi nilitaka uhandisi wa maji. Jeddah tunakunywa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, na tangu udogo wangu nilikuwa nikijiuliza hiyo chumvi wanaipeleka wapi. Masomo hayo niliyataka katika chuo kimoja Riyadh, chuo kigumu, na sikuyapata, kwa sababu nilimaliza sekondari na sabini na tisa ya kudurati. Nikaingia chuo kidogo kwetu Jeddah, nikasomea mambo ya mizigo na bandari. Baba alifurahi, bandarini kazi hazikosekani. Nikajitahidi, alama zangu za chuo zikawa nzuri. Kule Riyadh walikuwa wakipokea wanafunzi wachache wa kuhamia, na nilipouliza nikaambiwa: alama za chuo zinatosha, lete themanini na tano ya kudurati, na ulete kabla hujamaliza mwaka wa pili. Ukishaumaliza, mlango huo haupo tena.

Alama sita tu. Nikajiandikisha upya kwa furaha, nikasoma peke yangu chumbani miezi miwili, nikaingia ukumbini Jeddah. Nikatoka na sabini na nane.

Nimerudia mtihani nikashuka. Sijui kama mnaelewa aibu ya jambo hilo kwa watu wetu. Jeddah sisi Waswahili ni wengi lakini habari zetu zinaenea kama za nyumba moja. Wiki ile kulikuwa na harusi, na mama mmoja mtu mzima, mwenye nia njema kabisa, akanishika mkono ukumbini mbele ya wenzake kumi.

"Mwanangu, nasikia umefanya tena ule mtihani? Si uliufanya ule?"

"Nimeufanya tena, bibi."

"Masikini. Basi mwanamke ana riziki nyingi, usijali."

Nilitaka ardhi ipasuke. Usiku ule nilimwambia mama sitaki tena kusikia neno kudurati. Shangazi alipopata habari akapiga simu kutoka Riyadh, akanisomea methali ya kuvunjika kwa koleo na uhunzi, akasoma na nyingine mbili, na mwisho akasema la maana: "Njoo. Yaya yupo."

Muhula ule masomo yangu ya chuo yalikuwa ya mtandaoni, asubuhi tu, basi nikahamia kwa shangazi. Nilishuka jikoni na kitabu kimoja na karatasi ya matokeo yangu. Nilitaka aione, anihurumie kidogo kwanza. Hakuipokea. Aliniuliza madam ameruhusu, nikasema ameruhusu mradi kazi isilale. Akapangusa meza.

"Hiyo karatasi peleka juu kwa shangazi yako. Hapa tunaanza sehemu ya kwanza. Dakika ishirini."

"Yaya, sehemu moja ni dakika ishirini na tano."

"Kwangu ni ishirini."

Nikadhani amekosea, nikamwonyesha kitabuni, imeandikwa pale juu waziwazi. Hakutazama hata. Nilifanya kwa ishirini, nikashindwa kumaliza, maswali sita yakabaki matupu. Kesho yake matano. Siku ya tatu niligoma. Nikasema nitakaa hapa sitashika kalamu mpaka anipe haki yangu. Basi ndipo akanisimulia, huku anachambua mchele.

"Mimi nilikuwa nimekuja juzi tu. Kiarabu sijui hata kuomba maji. Madam akaniletea huyo mkubwa, akanionyesha kitabu, akanionyesha saa, akaenda. Nikaangalia. Nikaona mbili na zero. Nikasema sawa, ishirini."

Kwa asiyejua: tarakimu za Kiarabu si hizi zetu. Mbili yao inafanana kidogo na yetu, lakini tano yao ni kiduara kitupu, ukitoka Kitui ukaiona utaapa ni sifuri.

"Na yeye hakukuambia?"

"Alilia wiki mbili. Alikuwa anasema maneno mengi. Nilidhani ni kudeka tu, mtoto wa tajiri. Nikawa namwonyesha kitabu na kidole, kitabu ndicho kimesema. Wiki ya tatu akaanza kumaliza."

"Ulijua lini kuwa umekosea?"

"Siku nilienda dukani kununua mayai. Bei ni mbili na zero. Nikatoa ishirini. Yule mtu akasema ongeza tano. Haki nikagombana naye mpaka watu wakajaa. Kurudi njiani ndio nikaelewa." Akapuliza makapi ya mchele. "Lakini huyo kijana alikuwa ameshazoea. Sasa unaharibu kitu kinafanya kazi kwa nini? Nikanyamaza. Hata hao wengine watatu nikawapa ishirini."

"Na tano zinazobaki?"

"Za uoga. Uoga lazima ukuje, hata uwe na akili namna gani. Wacha ukuje ukipata umemaliza kazi."

Nilicheka mpaka nikamwaga punje mezani. Halafu nikashika kalamu. Kosa la mgeni wa mwezi mmoja lilikuwa limekwisha kuwa sheria ya nyumba, na nani mimi wa kuivunja?

Wiki ya pili aligundua ugonjwa wangu. Alikuwa na karatasi zangu zote, alizihifadhi kwenye droo ya mifuko ya plastiki, na siku hiyo alizitandaza mezani zote. Hakutazama majibu yangu. Alitazama nilipofuta.

"Hapa uliweka Kona, ukafuta, ukaweka Fimbo. Kitabu kinasema Kona. Hapa Tumbo, ukafuta, ukaweka Kona. Kitabu kinasema Tumbo." Akaendelea hivyo kwa vidole vyake viwili. Nilifuta mara kumi na moja. Tisa kati ya hizo nilikuwa nimepata.

"Mkono wako unajua," akasema. "Wewe ndio huuamini."

Nikakumbuka ukumbi wa Jeddah, mara ya pili ile, jinsi nilivyorudi nyuma dakika za mwisho nikibadilisha moja baada ya jingine, nikihisi kwamba mtu wa sabini na tisa hawezi kuwa amepata maswali mengi hivyo. Nilikuwa nimejinyang'anya mwenyewe.

Tangu hapo kukawa na amri mpya. Saa ikifika ishirini, kalamu chini na mikono uikalie. Kuikalia kweli, viganja chini ya mapaja, dakika tano nzima, unatazama ukuta. Ukitaka kuogopa, ogopa. Ukitaka kuomba, omba. Kufuta hakuna. Nilichukia zile dakika tano kuliko hesabu zote za kitabuni. Jirani mmoja aliyekuja kuomba hiliki alinikuta nimekaa hivyo, akamuuliza Yaya huyu mtoto ana nini. Yaya akamjibu, "Anapona."

Nikafanya mtihani Riyadh, mara yangu ya tatu. Ukumbini wasichana wote walikuwa wa miaka kumi na sita, kumi na saba, na mmoja alinipisha njia akaniita ablah, yaani mwalimu, akidhani nimekuja kusimamia. Nilikalia mikono. Nikatoka na themanini na tatu.

Alama mbili. Nilishuka jikoni sina hata machozi. Tarehe moja tu ya mtihani ilibaki kabla ya mwisho wa mwaka wangu wa pili. Nikamwambia, "Halas, Yaya. Nimechoka. Nimepanda, nimejaribu, inatosha. Nitamaliza chuo cha Jeddah nitafute kazi bandarini. Siwezi kukaa tena na watoto wale wananiita mwalimu."

Alikuwa anakaanga. Akazima moto, mafuta yakabaki yanatatarika peke yake. Sikuwahi kumwona akikatiza kukaanga.

"Kaa."

Nikakaa.

"Mimi nilifanya mtihani wa darasa la nane. Sikupata maksi za kwenda sekondari yangu niliyotaka. Mwalimu mkuu akakuja mpaka nyumbani, akaniambia rudia darasa, mwaka mmoja tu, una akili, sitaki hata karo. Unajua nilisema nini?"

"Ulisema nini?"

"Nilikataa. Darasa hilo nyuma yangu alikuwa mdogo wa jirani yetu. Nitakaaje dawati moja na yeye? Watu watasema nini?" Alijipangusa mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole. "Watu hawakusema kitu. Baada ya wiki mbili walikuwa wamesahau. Huyo mdogo wa jirani ndiye sasa mwalimu hapo kwetu. Mimi niko hapa nahesabia wengine dakika. Kuna wenye walikuja huku sababu ya shida, sawa. Mimi ni haya ndio ilinileta."

Hakulia, wala hakuninyooshea kidole. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia ambayo yeye alipotea. Niliumia kwa ajili yake, na nilijikasirikia, zote kwa pamoja. Akawasha moto tena.

"Tarehe hiyo ingine ni lini?"

Nikamwambia. Nikapanda juu nikajiandikisha palepale kwa simu, kabla sijakaa.

Basi tukakaza. Nilifika jikoni kila siku baada ya alasiri, nikatoka kwa adhana ya isha. Nilijua hesabu za uwiano kama ninavyojua njia ya kwenda chooni. Nukta za Yaya zikapungua mpaka siku moja karatasi yake ikabaki nyeupe, akaigeuza huku na huku kama imemdanganya, akasema tu, "Leo vitunguu saumu nitamenya mwenyewe." Kwa Yaya hiyo ilikuwa zawadi kubwa.

Wiki mbili kabla ya mtihani nilishuka na kitabu changu nikamkuta dada mwingine, Mganda, anasugua sinki. Akaniambia kwa upole Yaya hayupo. Nikamfuata madam. Madam akanieleza kwamba kitinda mimba wake ameshaingia chuo, nyumba imebaki kimya, na dada yake wa Jeddah ana pacha wachanga, kwa hiyo wamehamisha ikama ya Yaya, kibali chake cha ukaazi, akawa chini ya kafili mpya, yaani mdhamini, mume wa dada huyo. Aliondoka asubuhi na ndege. Ilikuwa ghafla, akasema, hata yeye amesikitika. Nilisimama pale mlangoni na kitabu kifuani nikihisi nimefiwa.

Nikamwambia shangazi akaange vitunguu.

"Vitunguu vya nini? Tumekwisha kula."

"Kaanga tu, shangazi. Na ushike simu, dakika ishirini. Usinipe hata moja zaidi."

Masikini shangazi yangu. Wiki mbili nyumba yake ilinuka kama mgahawa, na kila mara alitaka kunionea huruma aniongeze dakika, nikamkatalia. Siku ya mtihani nikaingia na wasichana wa kumi na sita, nikamsalimu kila aliyeniita ablah. Nikafanya kazi yangu, nikamaliza, na uoga ulipokuja ulinikuta nimekalia mikono.

Themanini na sita.

Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha. Jeddah wakapiga simu wote, hata yule bibi wa harusini. Chuo kikanikubali, nikahamia Riyadh, nikaanza kuhangaika na vipimo vya mabomba na kemia ya chumvi, na siku zikayoyoma. Namba ya zamani ya Yaya haikupatikana, nami sikujisumbua kutafuta mpya. Hili nalisema wazi kwa sababu linanisuta. Nilijiambia ameshajua. Mtaa mzima ulijua, yeye atakosaje kujua?

Likizo ya kwanza nilirudi Jeddah. Mama akaniuliza nimekwenda kumwona Yaya. Nikasema nitakwenda. Akaniuliza tena kesho yake. Siku ya tatu akanifungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa, akaniandikia mtaa na nyumba, alivyoelekezwa na shangazi, akanifungulia mlango wa nje. Nikaenda.

Madam mpya alinipitisha jikoni mwenyewe. Yaya alikuwa amembeba mtoto mmoja ubavuni na anamkorogea mwingine uji. Alikuwa amevaa miwani, jambo ambalo sikulizoea, na nywele za mbele zimeanza mvi.

"Mtoto wa juu! Ala! Na umekonda hivi, unakula nini?"

Tukakaa. Aliuliza habari za goti la shangazi. Aliuliza habari za dereva, kama bado ana kelele. Akala mkate, akausifu, akamwonjesha mtoto. Aliuliza mpaka habari za paka wa uani. Nikangoja aulize, hakuuliza. Mwisho nikashindwa.

"Yaya, mbona hujaniuliza?"

"Nikuulize ndio iwe nini? Kama ulianguka, nikuulize ndio ulie mbele ya watoto wa watu?"

"Sikuanguka. Nilipata themanini na sita. Niko kwenye chuo kilekile nilichokitaka. Nasoma maji."

Mwiko ukasimama ndani ya uji.

"Lini?"

Nikamwambia mwezi. Akahesabu kwa vidole juu ya mgongo wa mtoto. Miezi mitano. Nikaanza kujieleza, namba haikupatikana, masomo yalikuwa mengi, nilidhani ameshasikia, na kila neno nililolitoa lilinifanya nijione mdogo zaidi.

"Wacha," akasema. "Umekuja."

Alimhamisha mtoto ubavu wa pili. Halafu akasema, bila uchungu, kama anayetaja kitu kilichokosekana sokoni:

"Wale wanne wa Riyadh, hakuna hata mmoja aliingia jikoni kuniambia. Nilikuwa najua na vigelegele vya madam huko sebuleni. Nikisikia vigelegele, naongeza mchele, wageni watakuja. Hata huyo mkubwa, daktari sasa. Si wabaya, ni vile hawakufikiria. Sijawahi kuambiwa na mtu mwenyewe, na mdomo wake."

Nilimshika mkono, ulikuwa na unga.

"Hebu rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Hiyo maksi. Na hapo pa chuo. Sema pole pole."

Nikarudia. Akafumba macho akasikiliza, kisha akasema, "Tena." Nikarudia mara ya tatu.